Ubao wa Bwana Mita

Mume wangu alisoma mita za maji za watu kwa miaka ishirini na tisa. Alipostaafu, kwa kukosa mita, akaanza kuusoma mto. Alipaka alama nyeupe kwenye nguzo ya daraja, moja hadi kumi, na kila asubuhi huenda kuziangalia kabla hajanywa chai. Kisha huja kwenye kibanda changu cha ushonaji, ambacho ukuta wake wa nje ameuteka, na kuandika ubaoni kwa chaki: maji yamefika alama ya ngapi, yana rangi gani, leo mtu avulie wapi na kwa chambo gani. Mtaa mzima humwita Bwana Mita. Hata daktari wa meno na mwalimu wa hesabu wa hapa mtaani hawatupi ndoana bila kupita kwangu kwanza.

Mimi humtania. Humuuliza mto umetumia uniti ngapi leo, na ataukatia maji lini. Yeye hufuta chaki kwenye suruali niliyoipiga pasi mwenyewe na kuniambia, "Haya mambo huyajui, mama. Endelea na vifungo vyako."

Ila anajua kazi yake, sitamnyima haki. Kiangazi, maji yakiwa machache na maangavu, huandika: "Mshipi mwembamba, chambo panzi. Simama mbali, samaki wanakiona kivuli chako." Mvua zikianza na mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa: "Minyoo, chubwi nzito ya kuzamisha ndoana. Kambare haoni, ananusa." Shida ni moja tu. Wengine anawaelekeza vizuri, yeye mwenyewe hurudi mikono mitupu, maana muda wa kuvua unaishia kwenye kupima.

Basi kijana wetu akapata mchumba, na wazazi wa binti wakasema watakuja kula nasi mchana Jumamosi. Baba wa binti naye ni mpenzi wa ndoana. Wakiongea kwenye simu, mume wangu ulimi ukamteleza, akaahidi kwamba samaki wa mezani atamvua mwenyewe. Nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya mtu, nikajidunga sindano.

Siku tatu mfululizo hakupata hata wa kumpa paka. Hamu ya kula ikamwisha. Akawa ananiuliza kama baba wa binti ana sura ya mtu wa kucheka wenzake. Nilimwambia nimemwona kwenye picha tu, na pichani alikuwa amefunga mdomo.

Jumamosi tuliamka mvua imenyesha kule juu mto unakotoka. Alikwenda kupima, akarudi mbio, akaandika bila kunitazama: "Alama ya saba, maji ya kahawia. Kwenye kona ya mto hakuna kitu. Nendeni chini ya daraja, ukingoni, penye maji yaliyotulia. Minyoo."

Nitakueleza nilichokuja kukijua baadaye. Wiki nzima alikuwa ameona samaki wakubwa wakicheza kule kwenye kona, na siku hiyo alitaka kona iwe yake peke yake, bila daktari wa meno kumpumulia shingoni. Kwa hiyo akawadanganya watu wote. Katika miaka sita ya ubao ule, ulikuwa uongo wake wa kwanza, na akauharibu. Kwa haraka alisahau jambo aliloliandika mwenyewe mwaka uliopita: mto ukipanda ghafla, kwenye kona maji yanakwenda kasi mno, na samaki hukimbilia ukingoni kupumzika.

Saa tano alirudi amelowa hadi kiunoni, kikapu kitupu. Jikoni akakuta kambare amejaa beseni, mkia umening'inia nje.

"Huyu kaletwa na nani?"

"Nimemvua mimi, na ndoana yako ya zamani. Mwalimu kapata watatu, daktari wawili."

"Wapi?"

"Chini ya daraja, ukingoni, penye maji yaliyotulia."

"Nani alikwambia uende huko?"

"Ubao."

Akakaa kwenye kigoda. "Kumbe unausoma."

"Kila asubuhi. Huwa najifanya natafuta ufunguo."

Niliona aibu kusema hivyo. Yeye akaona aibu kunizidi, akanieleza yote. Nilicheka mpaka nikashika meza, kisha nikayaona macho yake nikaacha. Nilimhurumia kweli. Nikamwambia, "Wakiuliza, sema ni wa ndoana yako. Si ndoana ni yako? Hutakuwa umedanganya."

Wageni wakafika, tukakaa mezani. Baba wa binti akamtazama yule samaki kwa heshima. "Mkwe, ndiye huyu wa ndoana yako?"

Mume wangu alinitazama, akaitazama sahani yake. "Ndoana ni yangu," akasema. "Mkono ni wa mke wangu. Mimi nilikuwa kule nilikowakataza wenzangu wasiende."

Kijana wetu akainamisha kichwa. Baba wa binti akatafuna taratibu, akameza. "Mimi huwaambia wenzangu minyoo imeniishia," akasema, "kumbe mfukoni nina kopo zima."

Mkewe akaweka kijiko chini. "Hata siku ile niliyokuomba mimi?"

Hapo ndipo tulipocheka, isipokuwa yeye baba wa binti, aliyeomba apitishiwe maji.

Kesho yake ubao uliandikwa hivi: "Jana nilidanganya kuhusu kona. Samahani. Leo alama ya sita, maji yanashuka. Mengine muulizeni fundi cherehani." Daktari wa meno alisema angefurahi kudanganywa hivyo kila Jumamosi. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni, chaki mkononi, ananiangalia. Nilisoma polepole mpaka mwisho, ufunguo nikiwa nao mkononi.