Kucha za Melkior

Melkior hakuwa na mwalimu wala viatu vya kanisani. Noti za muziki hakuzijua mpaka alipozisoma kwenye masomo ya jioni akiwa na miaka ishirini na sita. Gitaa pia hakuwa nalo; kaka yake Tito alimnunulia kwa kahawa ya msimu mzima.

Leo ni mzee wa Moshi mjini, na watengeneza filamu wakitaka gitaa la majonzi humtafuta yeye. Hupiga kwa kucha za mkono wa kulia, ambazo huzitunza kama miche.

Mwaka jana Tito alifariki. Katika ukoo wao, ndugu wa tumbo moja ndiye huanza kuchimba kaburi. Kule Kirua, kijijini kwao, mgombani, walimkabidhi Melkior jembe. Akakumbuka kwamba Jumatatu anarekodi. Akalirudisha.

"Mgongo," alisema.

Salvina, mjane, hakuutazama mgongo. Aliutazama mkono.

"Shemeji, kucha ziko salama?"

Tangu siku hiyo Salvina hapokei simu yake.

Jana Elizabeth, binti wa Tito, alimpitia akipanda Kirua.

"Shikamoo, baba mdogo. Jumamosi ni misa ya mwaka ya baba."

"Marahaba. Najua. Mama yako ataniruhusu nije?"

"Sijui. Ile filamu yako aliiangalia. Penye mazishi akalia sana, akauliza nani anapiga. Nilipomwambia, akazima."

Melkior alikaa. Kipande hicho alikirekodi Jumatatu ile ile, na studio nzima ilimsifu.

"Mwambie mgongo ule—"

"Baba mdogo! Hata kuku wa kule wanajua mgongo wako ni mzima."

Melkior alicheka kidogo, kwa aibu, kisha akamwomba amsubiri aandike barua. Barua ya kwanza ilieleza habari za kazi na mikataba, akaichana. Ya pili ilikuwa fupi: "Shemeji, sikuwa naumwa. Nilizihurumia kucha kuliko ndugu yangu. Naomba nije nisimame kaburini kwake."

Akatoka uani, akakata jani la isale, akalipiga fundo. Kwa Wachagga, mkosaji hulituma akiomba msamaha, na si rahisi kulikataa.

"Si rahisi," alisema Elizabeth, "ila mama naye si rahisi."

Melkior alilitia jani kwenye bahasha pamoja na barua, akailowesha gundi kwa ulimi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akampa Elizabeth, naye akaenda kupanda gari la Himo, linalopita njia ya Kirua.