Mafuta ya Mikono

Katika maabara ya Profesa Hatakeyama, kule Sendai, kazi haianzi bila kupima maji matupu. Unajaza beseni, unasogeza vizuizi viwili vibane uso wa maji, unatazama mstari wa kipimo. Mstari ukilala bila kupanda, unaandika "safi" daftarini na kugonga muhuri wako. Ndipo unadondosha zile molekuli za kaboni zenye umbo la tundu, zilizoshikishwa sukari, zitandae juu ya maji ziwe utando.

Kusunoki, mwanafunzi wa siku nyingi pale, aligonga muhuri bila kupima. Haraka tu, hakuna kingine. Utando wake ukastahimili kubanwa ajabu, mstari ukapanda juu, akasifiwa mpaka akavimba kichwa. Tokita, aliyekuwa nyuma yake kwa mwaka mmoja, akapewa kazi ya kuurudia. Wiki tatu mstari wake ukagoma kupanda.

"Mikono yako ina mkosi," Kusunoki alimtania mbele ya watu. "Kaioshe."

Akaiosha, maskini, mpaka ikapasuka. Profesa akasema Jumatatu akishindwa tena, anamtoa kwenye kazi hiyo. Kusunoki akaona huruma, akamwachia mafuta yake ya mikono ya kila siku, yenye harufu ya yuzu, tunda la jamii ya limau.

Jumatatu mstari ukapanda sawasawa na ule wa Kusunoki.

"Nimeweza, dada," Tokita alisema, akimwinamia mbele ya wote. "Mafuta yako yameniokoa."

Kusunoki akasogea kwenye beseni. Akanusa yuzu.

"Maji matupu ulipima?"

"Nilipima, yalikuwa safi. Kisha nikajipaka, nikavipangusa vizuizi kwa vidole, nikaanza."

Angeweza kunyamaza. Tokita angebaki na kazi yake, yeye na sifa zake, nani angejua? Lakini yule kijana alikuwa bado ameinama, na Kusunoki akamgeukia Profesa.

"Profesa, huo si utando. Ni mafuta yangu yaliyotanda juu ya maji. Na wangu ulikuwa mafuta vilevile. Niliandika 'safi' bila kupima."

Tokita akainuka, akaitazama mikono yake.

"Kwa hiyo haikuwa na kosa?"

"Haikuwa nalo," alijibu Kusunoki, macho sakafuni. "Nisamehe."

Tokita alichukua karatasi laini, akaanza kuyafuta yale mafuta kidole baada ya kidole, mpaka mipasuko ikatoa damu tena.