Mababu Arobaini wa Shaame

Shemeji yangu Shaame alitema mate kwenye kichupa, akakipeleka posta, na baada ya wiki sita akawa Mpashtuni. Majibu ya kipimo cha DNA yalisema asilimia nne ya damu yake ni ya Wapashtuni. Nne tu, na mtu mwenyewe namjua tangu kijijini kwetu Mtambile, mtoto wa Faki mchuma karafuu. Lakini nne hizo zilimtosha kuvaa kofia ya sufu ndani ya basi la Barking, huku kwa Waingereza, mwezi wa Julai, na kujiita Shaame Khan.

Ningecheka yakaisha. Ila mume wangu ameshafariki, na Shaame ndiye ndugu yake pekee, kwa hiyo ndiye walii wa binti yangu Malak. Bila yeye hakuna wa kumwozesha. Na Malak ameposwa na Baryal, kijana wa Kipashtuni anayefanya naye kazi hospitali. Basi nikameza maneno yangu yote, nikapika.

Baba yake Baryal, Haji Zarif, ni Mwafridi, kabila mojawapo la Wapashtuni, na kwao ni Tirah, kwenye milima ya mpakani mwa Pakistani na Afghanistani. Alikwishaniambia kwenye simu kwamba kwa msichana wa nje yeye anauliza dini na adabu, basi. Ukoo anaulizwa mwenye kudai ukoo. Nikamfikishia Shaame maneno hayo kama yalivyo.

"Shemeji, wewe hujui tu," akanijibu. "Watu hawa nasaba ndiyo heshima yao. Niachie mimi."

Jumapili wageni wakaja kupokea jawabu, ili Ijumaa ndoa ifungwe. Baada ya biriani Shaame akafunua shajara yake ya ukoo, karatasi ndefu kama mlango, kingo zake za dhahabu, na majina arobaini ndani. Aliinunua mtandaoni kwa mtu asiyemjua. Na ili mtu huyo asihangaike, Shaame alimpelekea kabisa jina la kabila na la kijiji cha Haji Zarif. Hata mtoto wa madrasa asingefanya ujinga huo. Akasimama, akakohoa, akaanza kusoma kwa Kiingereza cha redioni: Shaame wa Faki, Faki wa Makame, Makame wa Mirzaman wa Shahbaz.

Haji Zarif akaweka kikombe chini.

"Rudia hilo la mwisho."

Shaame akarudia, tena kwa raha.

"Mirzaman wa Shahbaz ni babu yangu," Haji alisema. "Alikuwa na mtoto mmoja, baba yangu, ndiye aliyerithi shamba lote. Kama babu yako Makame alikuwa mwanawe, basi baba yangu alimdhulumu ndugu yake, na mimi nimekula haramu mpaka leo. Nitawapelekea habari wazee wa kwetu wakae baraza. Na kama si mwanawe, umemsingizia babu yangu mtoto, na mimi nimekuja kuposa. Chagua."

"Labda ni Mirzaman mwingine," Shaame alisema.

"Wa kijiji hicho hicho?"

Baryal akainamisha uso. Malak alinishika mkono, akaubana mpaka pete ikaniuma. Nikaiona harusi ya mwanangu inatoka mlangoni kwa sababu ya kichupa cha mate.

"Acha karatasi," Haji alisema. "Kwetu mtoto wa miaka saba anawajua baba zake kwa moyo. Huyo Makame alikuwa mtoto wa nani?"

Shaame akaitazama karatasi. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau saa ile, kwa sababu hakuwa anaficha kitu. Alikuwa hajui. Nilitaka kumsaidia, nikakuta na mimi sijui, nikajidharau kidogo pia.

"Wa Kombo," alisema Malak. "Makame wa Kombo wa Juma wa Shehe."

Malak huyu, ambaye hata nikimuuliza chumvi ananijibu Kiingereza. Marehemu baba yake alikuwa akimkaririsha majina hayo kila siku wakienda shule, na mimi nikidhani wanaimba. Kisha akamgeukia Haji. "They picked cloves," alisema. "Nobody's land. Ever." Yaani walichuma karafuu tu, shamba la mtu hawakulichukua kamwe.

Haji akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa kukubali.

"Huyu ana watu wake," alisema. "Nimekuja kwa ajili yake." Halafu akamtazama Shaame. "Ijumaa, kabla hujamwozesha, utasimama mbele ya imamu uwataje hao baba zako kwa mdomo, bila karatasi. Ukishindwa, tutangoja mpaka ujifunze."

Leo Jumatano. Shaame Khan amekaa jikoni kwangu tangu saa nne asubuhi, kofia mapajani, Malak anamfundisha. Amefika kwa Kombo, amekwama. Malak amemrudisha mwanzo.