Swichi Ni Nzima

Mama alipoanza kuifuta kompyuta kwa kitambaa, sikumkataza. Tangu asubuhi alikuwa akifuta kila kilichomo sebuleni, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kukataza niliona ni kazi. "Dada asinikute kwenye vumbi," alisema, akapitisha kitambaa juu, pembeni, mpaka chini ya kompyuta.

Huyo dada yake ni mama mkubwa wangu. Alikuwa amelazwa nchi ya mbali, na mchana huo wangemkata taya, maana uvimbe ulishaingia kwenye mfupa. Mama ni kiziwi tangu utotoni. Maneno yote anayoyajua aliyasoma kwanza kwenye midomo ya dada yake, na baada ya upasuaji midomo ile isingekuwa tena ileile. Simu yangu ni ya vibonyezo, haina picha. Basi shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ambaye ni fundi kompyuta, akatuazima laptop yake kuukuu pamoja na waya wa intaneti, ili wawili hawa waonane kabla ya kisu.

Jana yake ilifanya kazi vizuri. Leo mtandao hakuna.

Nilichomoa waya, nikauchomeka tena. Nikauhamishia tundu jingine la ruta. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha, ikajivuta kama mgonjwa anayeamshwa anywe dawa. Mama alisimama pembeni yangu, keshavaa gauni lake la kutokea. Nikampigia shemeji.

"Taa ya kwenye tundu la waya inawaka?" akauliza.

"Haiwaki, shemeji."

"Basi waya umekufa."

"Nimeweka ule wa pili ulioniachia. Nao umekufa? Wamekufa pamoja?"

Akaguna. "Pembeni kuna swichi ndogo ya waifai. Hiyo achana nayo, wewe unatumia waya. Waya na waifai ni mke na mtalaka wake, hawajuliani hali."

"Sasa unanitajia ya nini?"

"Isije ikawa imevunjika, ikaleta shoti. Hebu itazame. Ni nzima?"

Nikainama. Haikuwa na hata mkwaruzo. "Ni nzima," nikasema, neno lenyewe nikalitafuna nusu, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kulitamka lote.

Mama alikuwa akinitazama mdomoni. "Kama imezima, si uiwashe?"

Nikamgeukia. "Nimesema nzima, Mama. Nzima."

"Imezima. Nimekuona."

Nilikasirika, na hasira za mtu aliyechoka hazina adabu. Nikaisukuma ile swichi kwa kidole gumba, ili aone mwenyewe kwamba haisaidii kitu na aniache. Ikateleza, ikalia ta. Taa ndogo ya buluu ikawaka. Kisha, kwenye tundu la waya, ikawaka nyingine ya kijani.

"Shemeji," nikasema, "waya umeamka."

"Haiwezekani."

"Nimewasha swichi ya waifai."

"Kumbe walioitengeneza waliifanya izime vyote viwili."

"Kumbe mke na mtalaka wanakaa nyumba moja," nikamwambia, nikakata simu kabla hajaanza kujitetea. Ndipo nilipokiona kitambaa mkononi mwa Mama, nikaelewa swichi ilisukumwa na nani.

Mama mkubwa alitokea akiwa na kofia ya upasuaji kichwani, na nyuma yake muuguzi alikwisha kukishika kitanda. Hakutumia sauti, wao wawili hawajawahi kuihitaji. Midomo yake ilikwenda polepole, upande mmoja mzito. Mama akamjibu vilevile. Kuna mahali walicheka pamoja. Mimi mwenye masikio mazima sikuambulia kitu, na kusema kweli niliwaonea wivu.

Kisha kitanda kikasukumwa. Aliyeshika simu kule aliiweka mezani bila kuikata, kwenye kioo tukabaki na dari nyeupe tu.

Nikamgusa Mama bega, akanitazama. "Amesema nini mwishoni?"

"Amesema, ni mzima." Akairudia ile dari. "Au nimezima. Upande ule midomo haifungi vizuri."

Nikanyoosha mkono niifunike kompyuta, kwa kuwa hapakuwa na cha kutazama tena. Mama akaweka kidole juu ya swichi na kukibana pale.

"Usizime," akasema.

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.