Kasuku Aliyemposa Fundi Cherehani

Siku kasuku alipomng'ata mwoka mikate sikio, fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni, hivyo hakuweza hata kumkemea. Alizitema zote sakafuni, akamkimbilia mgeni wake na kitambaa cha kwanza kilichomjia mkononi, nacho kilikuwa kipande cha gauni la bibi harusi. Damu haikuwa nyingi, lakini kwenye kitambaa cheupe hata tone moja linajitangaza.

"Si kitu, fundi," alisema mwoka mikate, sikio likianza kuvimba. "Nimezoea kuungua."

"Kuungua na kung'atwa ni vitu viwili, jirani."

"Basi leo nimejifunza cha pili."

Kasuku alikuwa ameshapanda juu ya cherehani, manyoya ya shingo yamemsimama, akimtazama yule mwanamume kama mwenye nyumba aliyemkuta mtu dirishani. Jina lake lilikuwa Bwana Mdogo. Alipewa kwa utani na binti wa fundi, ambaye ndiye aliyemleta mwaka ule baba yake alipofariki, ili mama asibaki peke yake na mashine. Wakati huo alikuwa kifaranga asiye na unyoya hata mmoja, na sura yake, tuseme ukweli, ilikuwa ya kuhurumiwa. Fundi alimlisha uji kwa kijiko na kumlaza kwenye droo ya vipande vya vitambaa, chini ya meza ya kukatia, mahali penye giza na joto. Tangu hapo Bwana Mdogo hakuwahi kumwona kasuku mwingine. Duniani alimjua mwanamke mmoja mwenye futi ya kupimia shingoni.

Mwoka mikate naye alikuwa amefiwa na mke, na duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara. Kila alasiri, tanuri likishapoa, alivuka na mkate uliofungwa kwenye karatasi na aproni ya kutengenezwa. Aproni hiyo ilikuwa imeshonwa mfuko ule ule mara nyingi mno, hadi fundi akaanza kushuku kwamba kuna mtu anaufumua kwa makusudi. Kisha siku moja mwanamume akaacha kuzunguka mbuyu. "Fundi, nataka tuoane," alisema. "Fikiria, unijibu."

Fundi alifikiria. Alikuwa bado anafikiria tangu majira ya baridi, na sasa watu walishaanza kushonesha nguo nyepesi. Si kwamba hakumpenda. Alizijua hatua zake tangu zikiwa barabarani, na siku asipokuja, mishono ilienda upande. Lakini kila alipofungua mdomo amjibu, mara pindo halijaisha, mara mteja amebisha hodi, na neno likarudi lilikotoka.

Siku hiyo ya sikio, mwoka mikate hakuondoka haraka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kitambaa cha bibi harusi kimebanwa sikioni.

"Kaka yangu ananiita tukafungue duka mji mwingine," alisema taratibu. "Kama hakuna cha kunishika hapa, mwisho wa mwezi nitakwenda. Sikuombi umfukuze ndege, fundi. Ila jibu langu bado nalisubiri, na masikio niliyonayo ni haya tu."

Binti alipopata habari alikuja kwa mwendo wa polisi. "Mama, chagua. Ama ndege ama mtu. Kazini kwetu kuna anayemtaka huyo ndege hata kesho."

"Siwezi kumtoa akiwa mgonjwa, mwanangu."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo. Kila siku anatapika. Kula anakula vizuri, lakini akiniona tu, kichwa kinaanza kwenda juu na chini, halafu anarudisha mbegu zote. Nimempikia uji wa vuguvugu, nampapasa mgongo mpaka atulie. Hakuna nafuu."

Binti alimtazama ndege, kisha akamtazama mama yake. Kesho yake fundi alifunika kizimba kwa khanga, akampeleka kwa daktari wa wanyama.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mikwaruzo ya paka mikononi. Hakumgusa ndege. Alifungua kizimba juu ya meza, akarudi nyuma, akakunja mikono na kusubiri. Bwana Mdogo alitoka kwa madaha, akamtafuta fundi kwa macho, akashusha mbawa zikaburuzika mezani. Mboni zikawa zinabana na kuachia. Akatikisa kichwa juu na chini, shingo ikajaa, kisha akaitema mbegu iliyolainika, kwa uangalifu mkubwa, ndani ya kikofia cha chuma cha kukinga sindano, ambacho fundi alikuwa amesahau kukivua kidoleni.

"Umeona?" fundi alisema kwa huzuni. "Ndivyo anavyoteseka."

"Mama, huyu haumwi," alisema daktari. "Anakuposa."

Fundi alidhani anataniwa. Lakini daktari alivuta kiti, akaketi, na akaanza kuuliza maswali kama wakili. Nani alimlisha alipokuwa mdogo? Amewahi kukaa na ndege wenzake? Anapoleta hiyo mbegu, mama unafanya nini?

"Nampa uji. Nampapasa."

"Wapi?"

"Mgongoni. Na chini ya mbawa, anapapenda sana."

Daktari alifunika mdomo kwa mkono. "Mama, kwa ndege hawa kichwani ni salamu. Mgongoni ni mambo ya mke na mume. Na analala wapi?"

"Kwenye droo," alisema fundi, sauti ikizidi kushuka. "Droo ya vipande."

"Yenye giza? Ambayo anachanachana vitambaa humo ndani?"

"Huyo ni mharibifu, daktari, hana lolote."

"Anajenga. Kasuku hutaga kwenye shimo la mti. Alipofumbua macho alikuona wewe, akajihesabu yuko upande wenu. Sasa amepevuka, anatafuta mke, na hamjui mwingine. Kila siku anakuuliza, na kila siku wewe unamjibu ndiyo. Chakula umempa, mgongo umempapasa, nyumba umeshamfungulia. Mwanamume akiingia hapo, kwake huyo ni mwizi wa mke."

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alicheka akilipa, alicheka akifunika kizimba. Njiani ndipo kicheko kilipomkwama, akasimama kando ya barabara kizimba mkononi. Kwa ndege alikuwa amesema ndiyo kila siku, bila hata kujua anaulizwa. Na mwanaume mzima, mwenye maneno ya kueleweka, alikuwa anasubiri ng'ambo ya barabara na sikio lililovimba. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayopasha moto masikio.

Masharti ya daktari hayakuwa mengi. Droo ifungwe. Apapaswe kichwani tu. Uji ukome, ale mbegu kavu. Akianza vituko vyake asikemewe, mtu aondoke tu akatafute kazi nyingine. Na mbegu anazozipenda zaidi azipate kwa mtu mwingine, si kwa fundi.

"Kumbe nina mpinzani," alisema mwoka mikate alipoelezwa dukani kwake. Alicheka unga ukamruka kwenye nyusi. Hakusema habari ya jibu, na fundi naye akaona hapo, mbele ya wateja wa mikate, si mahali pake.

Tangu siku hiyo mwoka mikate alipokuja alasiri alikaa ameipa mgongo cherehani aliposimama ndege, mbegu za alizeti kwenye kiganja kilichonyooshwa nyuma, kama mtu anayesubiri kuvishwa koti. Siku za mwanzo aling'atwa kidole. Baadaye mbegu zikawa zinanyakuliwa kwa hasira, kisha zikawa zinachukuliwa tu.

Kwa fundi ilikuwa ngumu zaidi. Bwana Mdogo alisimama mbele ya droo iliyofungwa, akaigonga kwa mdomo, akageuza kichwa kumtazama, akagonga tena. Hakupiga kelele. Fundi alipiga moyo konde akaendelea kushona, na mshono ukamwendea ovyo. Alilia kidogo, akajiona mjinga, akaendelea kulia. Alimpenda yule ndege. Alikuwa ndiye aliyemwitikia asubuhi zile ambazo nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi, na sasa alikuwa anamvunja moyo kwa agizo la daktari. Alimkuna kisogo tu, polepole, na ndege akafumba macho. Ilimbidi atosheke na hicho.

Mwezi ulikuwa unaishia. Alasiri moja mwoka mikate aliingia na mkate wake kwenye karatasi, lakini bila aproni.

"Nimekuja kuichukua ile iliyobaki kwako," alisema. "Nafunga mizigo."

Bwana Mdogo alimtelemkia mezani, akamwinamishia kichwa akunwe. Mwanamume alimkuna kwa kidole kimoja, uso umekunjamana, na ilikuwa wazi kwamba hata kuagana na ndege kunamuuma.

"Kichwani tu," fundi alisema. "Ukishuka mgongoni atakuposa na wewe."

"Angalau mmoja humu angekuwa ameniambia kitu."

Fundi aliitoa aproni kwenye msumari. Aliugeuza mfuko kwenye mwanga, akaona uzi umekatwa kwa wembe, safi kabisa, kazi ya mtu asiyejua hata kudanganya. Akainama chini ya meza, akafungua droo, akaivuta yote mpaka ikatoka. Vipande vyote akavimimina kwenye kiroba cha taka: vya maua, vya milia, vilivyochanwachanwa kwa mapenzi yasiyo na mahali. Bwana Mdogo alitembea hadi ukingo wa meza, akachungulia. Fundi alimkuna kisogo, akamchukua kwa kidole na kumweka kwenye kijiti chake dirishani. Akaipangusa droo kwa kiganja, akairudisha, akaikunja aproni na kuilaza ndani.

"Nguo zako zilizobaki zilete kesho," alisema. "Droo ni kubwa."

Mwoka mikate alitazama droo. Alasiri zote alizokaa katika chumba kile cha kushonea zilitosha kumfundisha maana ya droo ile.

"Hilo ndilo jibu?" aliuliza.

"Ndilo. Na kama huelewi lugha ya kasuku, nitakwambia kwa ya watu. Ndiyo. Nilipaswa kukwambia zamani."

Mwanamume yule alitafuta cha kufanya na mikono yake. Mwishowe akaufungua mkate kwenye karatasi, akamega kipande, akamnyooshea.

Fundi alivua kile kikofia cha chuma kidoleni, akapokea kipande cha mkate, akala.