Rimoti ya Injinia

Tik. Kimya. Tik.

Kulikuwa bado hakujapambazuka Bibi aliposikia mlio huo sebuleni kwa mkwewe. Akajifunga shuka, akajikokota na goti lake bovu hadi kwenye lile dude jeusi la sauti, amplifaya, lililokuwa limekodoa taa nyekundu. Kwa Bibi, taa nyekundu ni hatari. Akabonyeza kitufe cha mbele. Taa ikageuka buluu, mlio ukakoma. Akarudi kulala na roho yake nyeupe, akijua ameiokoa nyumba isiungue.

Mkwewe ni muuza vigae, lakini mtaa mzima unamwita Injinia, naye huitika bila haya. Jana jioni Bibi alipoingia tu, hata chai hajainywa, aliwekewa rimoti mbele ya pua.

"Mama, unaiona hii? Zilikuwa nne hapa mezani. Nimezifungia zote kabatini. Sasa ni hii moja! Kitufe kimoja tu, runinga, amplifaya na spika sita zinaamka pamoja."

"Na chai inachemsha?"

Binti yake akaangua kicheko jikoni. Injinia hakucheka. Aliendelea kuisifu rimoti yake mpaka mama mkwe akasinzia kwenye kochi.

Tena Bibi hakuifuata rimoti. Mjukuu wake alipohitimu udaktari ndiye aliyechaguliwa kuwahutubia wenzake, na siku hiyo Bibi alikuwa hospitali anapasuliwa goti. Sasa mtoto yuko kazini mbali, na hotuba imebaki kwenye flashi ya Injinia. Watu walimwambia Bibi kwamba alitajwa. Alitaka kujisikilizia mwenyewe, na teksi ya kumrudisha ilikuwa inakuja saa nne.

Saa tatu na nusu Injinia alimkalisha kochi la katikati, akasimama mbele yake kama mfanya mazingaombwe, akabonyeza.

Runinga ikawaka. Mjukuu akatokea na joho lake, mdomo unacheza, sauti hakuna. Spika za runinga yenyewe Injinia alikwishazizima siku nyingi, eti ni za washamba.

Akabonyeza tena. Giza.

Akabonyeza tena. Mjukuu huyo, bubu vilevile.

"Betri," akasema Injinia. Akabadilisha betri. Bubu. Akaipiga rimoti kiganjani, akainyanyua juu ya kichwa, akapiga magoti kwenye zulia kama anayeomba msamaha. Bubu.

"Si utoe zile za zamani?" mkewe akauliza.

"Nirudi nyuma? Mimi?" Akageuka. "Nani kashika vitu vyangu?"

"Mimi, baba," Bibi akasema. "Alfajiri. Ilikuwa inalia, nikaizima."

"Mama! Hili si jiko la mkaa!"

"Jiko la mkaa nikiliwasha, huwaka."

Injinia akafura, akafungua kitabu cha maelekezo, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, kila mstari anabonyeza tena. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Bibi alimtazama mwanamume mzima anayeshindwa na kijiti cha plastiki, akamdharau kwa raha zake zote. Lakini haki yake alimpa: ule mto laini chini ya goti lake aliuweka yeye Injinia, tena bila kuambiwa.

Akaacha kumtazama, akatazama dude. Picha ikija, taa nyekundu. Picha ikiondoka, taa buluu. Kumbe! Alfajiri hakuzima, aliwasha. Na rimoti ya watu, inayojua kila kitu, haikujua hilo. Kila ikiamsha runinga, inalaza amplifaya.

Bibi akainuka.

"Mama, usiguse, utaharibu!"

"Niharibu nini kilichobaki?"

Picha ilipokuja, akabonyeza kitufe cha mbele cha dude, kilekile cha alfajiri. Buluu. Sauti ya mjukuu ikajaa sebule nzima.

"...nimefika hapa kwa sababu ya bibi yangu. Kila siku aliamka kabla yangu, akagonga kikombe kwa kijiko, taratibu, mpaka niamke nisome. Hajawahi kunifokea hata siku moja."

Binti yake alitoka jikoni na sufuria mkononi, akasimama palepale. Bibi alisikiliza mpaka makofi yakaisha, akajifuta macho kwa ncha ya kanga yake.

Nje teksi ikapiga honi. Injinia aliubeba mkoba wa Bibi, akamshika mkono kwenye ngazi, hatua moja baada ya nyingine, kwa uangalifu. Rimoti ilikuwa bado kwenye mfuko wa shati. Akamfungulia mlango, akainama dirishani, akashusha sauti mkewe asisikie.

"Mama, Jumamosi wenzangu wa kazini wanakuja kutazama mpira. Njoo tena, tafadhali. Uwahi kabla yao."