Mara Mbili Kooni

Ndoo ya kuyeyushia kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, ilipasuka Jumanne asubuhi, na mama mtengeneza sabuni akaona si jambo la kusimamisha kazi. Kilichobaki alikimimina kwenye chupa kubwa ya maji ya kunywa, akakaza kifuniko, akaitua kivulini nyuma ya mlango wa jiko. Kostiki ikishayeyuka na kupoa haina rangi. Ukiitazama utaapa ni maji. Yeye alijua, lakini miaka tisa ya kukoroga sabuni ilikuwa imemwondolea hofu, na mazoea yana taabu.

Kitindamimba wake, binti wa miaka sita, walimwita Chiriku kwa sababu hata akila anaongea. Alitoka kuruka kamba, kiu imembana. Mama alikuwa uani akikata miche ya sabuni aliposikia chupa inaanguka. Alipofika jikoni alimkuta mtoto kashika shingo kwa mikono miwili, mate yanamtiririka kifuani, hasemi neno.

"Umemeza mara ngapi?"

Chiriku akanyoosha kidole kimoja.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa keshafika, maana kuta za nyumba zile hazifichi kitu. "Mtapishe, shoga," alisema. "Sumu haiachwi tumboni ikalala. Mtapishe upesi."

Mama akamtia vidole viwili kooni. Mtoto akatapika mara moja, na sauti iliyomtoka baada ya hapo haikuwa sauti yake. Ndipo wakakodi gari. Bibi wa mtoto, mama mkwe wake, alipanda nao bila kuulizwa. Bibi huyu alikuwa amesema tangu zamani kwamba sabuni na watoto haviishi nyumba moja. Njiani alimfuta mtoto mate kwa ncha ya kanga.

Hospitalini walipokewa na daktari, mwanamke mdogo wa umri, mpole wa mikono. Alimsukutua mtoto mdomo, akamtazama ulimi, akauliza, "Alitapika?"

Mama akamtupia bibi jicho. "Hapana."

Daktari hakuandika. Alivuta kiti, akakaa.

"Mama, unafanya kazi ya sabuni, utanielewa haraka. Mwili una kifuniko nje na una kifuniko ndani. Tunakiita epithelia."

"Jina kubwa hilo," bibi akasema.

"Jina kubwa, kitu chembamba, bibi. Hakifanani kila mahali, kinafuata kazi. Ngozi ya mkono wako ni tabaka juu ya tabaka, na ya juu yamekauka kama gamba. Tone la kostiki likikurukia, unawahi kunawa. Umio, hii njia ya chakula, nao una matabaka mengi, maana unakwaruzwa na kila tonge. Lakini ni mabichi, hayana gamba. Tumbo ndilo lenye safu moja tu ya seli ndefu, zimesimama zimebanana kama miche ya sabuni kwenye boksi, zinatoa ute wa kulikinga. Sasa kostiki ikishuka, inaunguza umio mara moja. Ukimtapisha, inapanda. Umio ule ule unaungua mara ya pili, na tayari umeshachubuka."

Mama alikuwa akitazama vidole vyake viwili.

"Tena ikipanda inaweza kukosea njia," daktari akaendelea. "Njia ya hewa ina vinyweleo vidogo vya kufagia vumbi. Chini yake, kwenye mapafu, kuna safu moja bapa, nyembamba kuliko povu, ili hewa ipenye. Pale hapana cha kuzuia kostiki. Ndiyo maana nauliza. Si kwa ajili ya kukulaumu. Nataka kujua nitafute wapi."

"Nilimtapisha," mama akasema. "Mimi mwenyewe."

Alingoja bibi aanze. Bibi akakohoa kidogo.

"Mimi ningemtapisha na kumning'iniza miguu juu," alisema. "Daktari, tafuta na mapafuni."

Mapafu yalipigwa picha, yakaonekana safi. Baadaye wakamlaza usingizi wa dawa, wakashusha kamera kooni. Umio ulikuwa umeungua sehemu mbili.

"Sehemu ya juu, tabaka la chini kabisa lipo hai," daktari alieleza. "Ndilo linalozaa yote ya juu yake, kwa hiyo patapona. Sehemu ya pili sina hakika. Tabaka hilo likifa, panaota kovu, na kovu hubana. Tutajua baada ya wiki tatu kama atameza au hatameza."

Wewe unayesoma, kama una mtoto, shika hili hapa hapa kabla hujasahau: kostiki usiitie kwenye chupa ya kinywaji hata kwa dakika moja. Na mtoto akiinywa, usimtapishe. Msukutue, ateme, kimbia naye hospitali, na umwambie daktari kila ulichofanya, hata kile cha aibu.

Wiki tatu Chiriku alilishwa maziwa kwa mpira wa puani. Mama na bibi walipokezana kiti kando ya kitanda. Bibi akija zamu yake alikuwa akimwambia mkwewe, "Nenda ukalale, mama, sura yako inatisha wagonjwa."

Siku ilipofika, kamera ikashushwa tena. Sehemu ya juu ilikuwa imejifunika utando mpya, wa pinki. Ya pili ilikuwa imebana. Waliitanua siku hiyo hiyo, na daktari akasema watairudia kila mwezi, pengine mwaka mzima, pengine zaidi. Kisha mpira ukatolewa. Mtoto alipoamka vizuri, nesi akaleta kikombe cha maji.

Mama alikipokea, akanywa yeye kwanza, akahakikisha. Ndipo akampa.

Chiriku akapiga funda, akakunja uso. Mama alikuwa haangalii uso, anaangalia koo. Koo likapanda, likasimama, kisha likashuka polepole.

"Linauma?"

Mtoto akafikiri. "Kidogo."

"Haya," mama akasema, akakishika kikombe vizuri. "Lingine, mwanangu. Taratibu."